Tembe Zangu Ziko Tumboni Mwako

Githongo, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mkubwa Wanja, Mama Njeru,

Pokea salamu kutoka huku upande mwingine wa mlima. Watoto hawajambo? Ng'ombe ameshazaa? Maharagwe yalipata mvua ya kutosha, ama jua la Karurumo limeyachoma tena? Huku mvua imekatika, imetuachia ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Mimi natembea, nakula, naenda kazini. Ningekuuliza na wewe hali yako, lakini hali yako naijua, tena naijua kuliko ulivyotaka niijue.

Dada, barua yako ilinifikia Ijumaa. Uliandika kurasa mbili za salamu na habari za harambee ya kanisa, halafu pale chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni, ukaandika kwamba kuna mama mmoja wa ushirika wenu wa waliookoka aliyepata tembe za kutuliza, zile za njano kama zangu, na sasa hawezi kulala bila hizo. Ati amezimeza tangu Pasaka, moja kila jioni. Ati zimebaki kumi na moja. Ati je, naweza kumwombea nyingine kwa yule daktari wangu? Ukaongeza kwamba kuna siku huyo mama alijaribu kukaa bila kumeza, na kesho yake mikono ikatetemeka mpaka akamwaga chai, na masikioni akawa anasikia pikipiki ya marehemu mumewe ikiingia uani.

Wanja! Karurumo nzima, ni mjane gani mwingine ambaye mumewe alikuwa na pikipiki?

Basi huyo mama wa ushirika tumwache aende zake. Miezi miwili nimekuwa nikijiuliza tembe zangu zilikwenda wapi, na sasa nimejua. Ziko tumboni mwako. Nina mengi ya kukuambia, na mengine si ya Kikristo, lakini kabla sijaanza kukugombeza shika neno moja: usiache kuzimeza ghafla. Hata nikikuumiza kwa maneno yangu, hata ukisikia hasira ya kuzitupa chooni ili unionyeshe huzihitaji, usizitupe. Mimi niliachishwa kwa siku moja bila kujua, na aliyeniachisha ni wewe. Kwa hiyo ninachokuambia sikukisoma mahali, nimekipitia.

Sasa nikukumbushe nilivyofika hapa, maana mwenye kosa husahau upesi. Mwaka jana, mavuno makubwa ya kahawa yakiwa yamepamba moto, mashine ya kumenya ya kiwandani kwetu ilimshika mzee Koome mkono wa shati, ikachukua na mkono wenyewe. Mimi karani wa mizani nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kitabu mkononi. Koome alipona, siku hizi anauza sigara na biskuti kwa mkono uliobaki na anatania watu kama zamani. Ni mimi ambaye sikupona. Kila asubuhi injini ikiwashwa moyo ulinienda mbio, pumzi inakatika, jasho linanitoka huku wenzangu wamejikunyata kwa baridi. Nikaenda zahanati nikapewa tembe. Za wiki mbili tu, iliandikwa kwenye kadi. Na zilinisaidia, dada, sitasema uongo. Nilirudi kwenye mizani nikaandika kilo za watu bila kutetemeka.

Wiki mbili zilipokwisha sikurudi kuuliza. Nilishuka Makutano kwa duka moja la dawa ambako wanakuhesabia tembe kama njugu na hakuna anayetaka kuona kadi. Nilianza na moja kwa siku, zikawa mbili, zikawa tatu. Miezi minne. Hilo ni kosa langu, nimelibeba mwenyewe, silitupi kwako.

Ndipo akaja daktari mpya, mzee mmoja mfupi wa Tharaka ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimpelekea kikohozi, yeye akaangalia mikono yangu. Alinihoji taratibu mpaka nikatoa yote, na wala hakunifokea. Alisema, "Dawa hii ni ya siku chache, mama. Ikikaa sana, mwili unasahau kujituliza wenyewe. Ukiikata mara moja mwili utapiga kelele, na kelele zake si za mchezo. Tutashuka ngazi. Ukiona unayumba, tunasimama hapo hapo mpaka utulie, halafu tunaendelea."

Akanichorea ngazi hiyo nyuma ya karatasi kuukuu: punguza nusu tembe, kaa wiki mbili, punguza nusu nyingine. Pasaka ilinikuta nimeshuka hatua ya kwanza, tembe mbili na nusu kwa siku, na nilikuwa nalala vizuri. Yeye alikuwa anakwenda likizo na mvua ilikuwa karibu kufunga barabara, kwa hiyo alinipa za mwezi mzima na ziada, nikaziweka kwenye mkebe.

Nilipokuja kwako Pasaka hiyo, mkebe huo niliuweka juu ya meza yako, mbele ya macho yako, nikakueleza kila kitu. Ningemweleza nani mwingine? Mama alipokufa nilikuwa na miaka saba. Ni wewe uliyenitoa chawa, ukanipeleka shule, ukanipiga nilipotoroka, ukalia mimi nilipoajiriwa. Ulinisikiliza umeinamisha kichwa. Halafu ukasema Alhamisi twende wote kwenye ushirika, nisimame mbele ya ndugu niiweke dawa hiyo nuruni, nikiri kwamba nimemficha mungu mdogo ndani ya mkebe.

Nikakataa. Nikasema daktari ameniambia polepole.

"Polepole!" ukasema. "Wawira, umeona nani akiacha dhambi nusu nusu? Mlevi akiokoka anavunja chupa siku hiyo hiyo. Haendi akipunguza kikombe."

"Mimi si mlevi, Mama Njeru."

"Basi huna shida. Vunja chupa."

Tukacheka, tukala muthokoi wa mahindi na maharagwe, tukahamia kwa habari za ng'ombe. Kumbe nilicheka peke yangu.

Siku ya kurudi ulinipangia mzigo mwenyewe. Parachichi chini, mukimo wa viazi ndani ya jani la mgomba, na mkebe wangu umeufunga kwa kitambaa chenye mafundo mawili, ati usifunguke njiani. Nilikushukuru kwa mafundo hayo. Haki ya Mungu, nilikushukuru! Na humo ndani umeshamimina zangu ukatia tembe za mafua, za njano vilevile, ndogo vilevile, zile zinazouzwa kila kioski. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilinifungia mpaka mzigo.

Nilipofika huku niliendelea na ngazi yangu kama mwanafunzi mtiifu. Nilipozikata kwa wembe zilivunjika ovyo, nikadhani ni unyevu wa safari. Basi nikawa nameza dawa ya mafua kwa adabu zote: moja asubuhi, nusu mchana, moja jioni. Siku ya tatu jasho likaanza. Siku ya nne debe likiangushwa naona limeangukia ubongo wangu, mwanga wa mlangoni unanichoma macho, ngozi inanitambaa kama ina sisimizi. Nikajilaumu. Nikasema, kumbe ni mimi niliyeharibika, nusu tembe tu imenipungukia na tazama nilivyo. Siku ya tano nikakuandikia wewe, nikampa dereva wa matatu akuletee. Unaikumbuka barua hiyo? Niliandika, "Dada, naona narukwa na akili, niombee."

Na wewe ulijua. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita, Wanja. Kubadilisha tembe naweza kusema ni ujinga, ni imani ya moto, ulidhani ukinivunjia chupa bila mimi kujua basi mwili nao hautajua. Lakini barua yangu ilipofika ulikuwa umeshika mkononi kilio changu, na sababu ya kilio unaijua, na dawa yenyewe iko chini ya godoro lako. Ungeandika mstari mmoja tu: nilibadilisha, kimbia kwa daktari. Badala yake ukaniandikia, "Ni vita, mdogo wangu. Mwili unapigana na nuru. Simama imara." Maneno hayo yalinikuta nimelala zahanati, ulimi umevimba kwa kuumwa na meno yangu mwenyewe. Hapo ulinisaliti, na sina neno lingine la kuliita.

Maana hukuuliza, na mimi niliona aibu kukueleza, acha nikueleze leo. Ilikuwa Jumanne, siku ya nane tangu nitoke kwako. Kina mama wamepanga foleni na kahawa yao kwenye mizani. Nakumbuka nikisema "kilo kumi na nane," nakumbuka yule mama akibisha kwamba ni kumi na tisa, basi. Yaliyobaki niliambiwa. Nilianguka chali, nikapiga mateke, povu likanitoka, nikajikojolea mbele ya watu kama hamsini. Na hakuna aliyenigusa. Unajua wanavyosema watu wetu juu ya povu la anayeanguka, kwamba ukilikanyaga umelibeba. Waliruka nyuma wakaacha kahawa imemwagika. Ni Mama Kendi peke yake, mpishi wa chai wa kiwanda, aliyepasua kundi lile akapiga magoti kwenye matope, akanigeuza ubavu, akaniwekea leso yake chini ya kichwa na kunifunika mapaja kwa aproni. Akawafokea: "Mnaangalia nini? Hamjawahi kuona mtu mgonjwa?" Ndiye aliyewalazimisha wanibebe kwa mkokoteni wa kahawa.

Yule daktari mzee alikuwa amerudi likizo siku hiyo hiyo, sijui ni bahati ama ni maombi ya mtu mwingine, si yako. Aliniuliza kama nimeacha dawa. Nikaapa sijaacha hata kipande. Akaagiza mkebe, akamimina tembe mbili juu ya karatasi, akaweka zake mbili kando.

"Angalia," akasema. "Zangu zina mstari katikati, wa kukatia. Zako hazina. Hizi ni za mafua, mama. Nani alishika mkebe wako?"

"Hakuna," nikasema. "Nimetoka nyumbani kwa dada yangu."

Nilisema hivyo kumaanisha mahali salama. Nilikutetea, Wanja, nikiwa na harufu ya mkojo wangu.

Kisha nikamtafuta mwizi. Chumba changu kimepakana na cha Mama Kendi, na ufunguo wa ziada anao yeye, kwa sababu hunifungulia dirisha mchana na kunianikia nguo. Basi niliporudi kutoka zahanati nilimsimamisha mbele ya wapangaji wote nikamwambia arudishe tembe zangu. Mwanamke aliyepiga magoti matopeni kwa ajili yangu! Akatoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akauweka kizingitini, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alinipa chai kazini kama anavyompa mtu yeyote.

Kazi ya mizani nimeipoteza. Meneja alisema kwa upole kwamba karani mwenye kifafa anaweza kuangukia mashine, na baada ya yaliyompata Koome hawezi kujaribu. Nikamwambia si kifafa. Daktari naye akaandika si kifafa. Lakini watu hamsini waliona kwa macho yao, na macho hayasomi barua ya daktari. Sasa niko kwenye vitanda vya kuanikia, nageuza kahawa na kuchambua mbovu. Vikombe vya chai viko kumi na vinne. Kimoja kina alama ya rangi nyekundu kitakoni. Hicho ndicho changu, ingawa hakuna aliyeniambia.

Hayo ndiyo uliyoninunulia kwa tembe za kioski.

Na halafu ukazimeza wewe! Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kama ungezitupa ningesema dada yangu ana imani kali, basi. Lakini kila Alhamisi umesimama mbele ya ndugu ukaweka nuruni wivu wa huyu na ulimi wa yule, ukarudi nyumbani, ukafunga mlango, ukameza mungu wangu mdogo na maji. Mganga hajigangi, sawa, lakini mganga gani anamnyang'anya mgonjwa dawa akaenda kuinywa?

Kwa nini hukuniambia huwezi kulala? Pasaka nilikaa kwako siku saba. Nilikuona unaamka kabla ya jogoo, nikadhani ni kazi. Ungesema tu, "Wawira, tangu tumzike Baba Njeru sijapata usingizi." Ningekuelewa kuliko mtu yeyote, mimi ambaye injini ya kahawa ilinitoa jasho. Ningekushika mkono nikupeleke hospitali mwenyewe. Uliona afadhali uniibie kuliko kuniambia una shida, na hilo nalo linaniuma.

Sasa nikuambie ukweli wangu, na si mzuri. Ijumaa nilipomaliza kusoma barua yako wazo la kwanza lilikuwa hili: mwache zimwishie. Sitajibu. Mwache naye asikie debe likianguka ndani ya kichwa, naye aanguke, na iwe Alhamisi katikati ya ushirika. Nililala na wazo hilo na asubuhi bado lilikuwa tamu.

Jana nikamwendea Mama Kendi. Alikuwa anapepeta mchele kwa ungo. Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia aliyebadilisha ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba nilimwonea, na anisamehe. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua ni mtu wa kwenu," akasema. "Mtu wa mbali angechukua tembe na mkebe wenyewe."

Nikamwambia dada naye sasa anazimeza na ameniomba nyingine, basi sitamjibu. Zimwishie.

Hapo akaweka ungo chini. "Mimi nilikugeuza ubavu kabla sijajua wewe ni mtu mwema ama mbaya," akasema. "Mwite mwizi, mwanangu, ni haki yako. Mwite kila jina. Lakini mwite akiwa hai."

Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana sikuiacha barua hii kwa posta. Anakuja nayo Mwalimu Mwiti, jirani yangu hapa, anayekwenda Embu kwa mkutano wa walimu. Amekubali kushukia Karurumo Jumanne mchana akupe mkononi. Barua yako uliiandika Jumapili iliyopita zikiwa kumi na moja, kwa hiyo kwa hesabu yangu siku hiyo zitakuwa zimebaki mbili. Jumanne jioni meza moja kama ulivyozoea. Usikate mwenyewe, usijaribu ushujaa. Jumatano asubuhi uende hospitali ya Runyenjes na ile moja ikiwa ndani ya mkebe, daktari aione kwa macho yake, asidanganywe na rangi kama mimi. Mwambie ni moja kila siku tangu Pasaka, na kilichotokea siku uliyokosa. Atajua aanzie wapi na akushushe kwa hatua gani. Usichukue ngazi yangu ukaifuata, mimi nilianza na tatu na mwili wangu si wako.

Atakapoanza kukupunguzia, zile siku chache za kwanza wasiwasi utarudi mkubwa, usingizi utakataa, na pengine pikipiki itaingia tena uani. Usiseme ni shetani na usiseme dawa lazima iongezwe. Ni mwili unajifunza upya. Kwangu hupanda siku tatu nne, halafu hushuka. Ukizidiwa rudi kwa daktari mbaki kwenye hatua hiyo hiyo, hakuna anayekufukuza. Ukitokwa jasho la ajabu, ukatetemeka usiweze kushika kijiko, ama ukaona vitu visivyokuwepo, usingoje kesho, watu wakupeleke. Muthoni, mke wa kaka yetu, alale kwako wiki hizo. Usichote maji mtoni peke yako wala usiinamie jiko bila mtu karibu. Na usichanganye na dawa za mafua ama za kikohozi za kununua, na nadhani bado unazo nyingi ndani ya nyumba.

Mimi sikutumii hata tembe moja. Si kwa ubaya. Zangu zimehesabiwa, daktari hunipa za wiki moja moja sasa, na kukutumia ni kurudia ujinga ule ule. Nimeshafika moja kwa siku. Wiki ijayo ni nusu. Naogopa hiyo nusu, lakini nitaishuka.

Usiniandikie pole. Pole yako siitaki sasa hivi, sina mahali pa kuiweka. Krismasi ukiniona nimekuja utajua nimeweza, na usiponiona usije kunitafuta.

Nisalimie kaka yetu Ireri, mwambie lile shoka alilonipa bado lina makali, na mkewe Muthoni ambaye nimempa kazi bila kumwuliza. Msalimie tata Rwamba, dada ya marehemu baba, mwambie kiondo alichonisukia ndicho ninachobebea chakula cha mchana kila siku. Njeru mwambie mama yake mdogo anauliza kama amepita mtihani. Mzee Ngari wa mashine ya kusaga nisalimie pia, ingawa ananidai salamu tangu Pasaka.

Jambo la mwisho. Ninakujua, Wanja. Ukifika mbele ya daktari mdomo utakufunga. Utasema kichwa kinauma. Utasema ni malaria, upewe dawa ya malaria, urudi nyumbani umenyamaza na kesho kutwa uanguke shambani. Kwa hiyo usijisumbue kusema. Hujajiuliza kwa nini nimekuandikia Kiswahili, mimi na wewe ambao tangu tujue kalamu hatujaandikiana ila kwa Kiembu? Nimesikia daktari wa Runyenjes ni mtu wa Busia, Kiembu hakijui. Mpe barua hii, kurasa zote, na hasira yake yote. Keti chini, funga mdomo, mwache asome mpaka hapa.

Na wewe daktari, ukishafika hapa: huyo aliyeketi mbele yako ni dada yangu Wanja, mjane wa Nyaga. Amenikosea sana na sijamsamehe. Anameza moja kila jioni tangu Pasaka na imebaki moja. Nakuomba sana umshushe polepole. Ndiye aliyenilea.

Ni mimi, mdogo wake,
Wawira